Rangi Mpya kwenye Korido ya Mama

Kitu cha kwanza kilichonichefua katika nyumba ya mama yangu kilikuwa ule mstari wa korido. Ulianzia mlangoni mwa chumba chake cha kulala, ukaushika ukuta wa kushoto usawa wa kiuno, ukakatika kidogo penye mlango wa stoo, ukaendelea mpaka kwenye mlango wa nyuma, wa kutokea kwenda chooni. Mweusi, unang'aa, unanata. Upana wake kama kiganja. Mafuta ya kujipaka, mafuta ya samaki, moshi, jasho, vyote vimeshindiliwa pale kwa miaka. Nilipoingia na begi langu nikitokea bandarini Nansio, mkono wangu uliugusa kwa bahati mbaya, nikaenda kunawa kabla hata sijamwamkia mama sawasawa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Nikikaribishwa chakula kwa watu, natazama kwanza kucha za mpishi. Kaka yangu husema nilizaliwa nimeshika sabuni. Na Mungu kwa mzaha wake akaamua mtu wa namna hiyo azaliwe Ukerewe, mahali ambapo dagaa huanikwa popote penye jua na harufu yake inakufuata mpaka kwenye nguo za kanisani. Niliondoka kisiwani nikiwa na miaka kumi na tisa, nikapata kazi ya ofisini Mwanza mjini, na tangu hapo nikirudi nyumbani napumua kwa mdomo siku mbili za kwanza.

Safari ile sikurudi kusalimia. Nilichukua likizo kwenda kumwokoa mama. Kaka, ambaye ndiye mkubwa wetu, ana nyumba Mkolani, kulekule Mwanza, yenye geti na vigae, na chumba cha uani alichokwisha kukitenga kwa ajili yake. Mama hakitaki chumba hicho. Alikaa huko wiki tatu baada ya baba kufariki, akarudi akisema amefugwa kama kuku wa kisasa: analetewa chakula, anawashiwa taa, anaambiwa akae. Kwake Nansio alijipikia, alijifulia, alilima mihogo yake. Lakini kaka alipoitembelea nyumba mwaka uliotangulia aliona uchafu, akaona sufuria zilizoungua, akaona ule mstari. Akanipigia simu akasema, "Nitakwenda Jumamosi ya mwisho wa likizo yako. Nikikuta nyumba ya mtu anayejiweza, sitafungua mdomo tena. Nikikuta ule uchafu, mama anapanda meli na mimi."

Kwa hiyo mimi nilikuwa upande wa mama. Nataka hilo lieleweke, maana yote niliyomfanyia nilimfanyia nikiwa upande wake.

Nyumba ile aliipaka rangi baba mwenyewe. Chini, kutoka sakafuni mpaka kiunoni, rangi ya mafuta ya kijani kibichi iliyokolea. Juu, nyeupe, ambayo sasa ilikuwa imegeuka kama meno ya mvuta sigara. Milango na fremu zake, damu ya mzee, ule wekundu mzito. Zahanati zote za utoto wangu zilipakwa hivyo, na ofisi za kata, na mahabusu. Nilizichukia rangi zile tangu nikiwa na akili ya kuchukia. Nikiwa sebuleni kwetu nilijiona kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Mimi nilikuwa na picha kwenye simu. Sebule ya watu wasiojulikana, sijui wa nchi gani, na kila kitu humo kimepakwa rangi moja: kuta, milango, fremu, mpaka mbao za chini. Bluu iliyotulia, iliyotiwa majivu, isiyompigia mtu kelele. Niliitazama picha ile mwaka mzima, kwenye foleni ya benki na kanisani wakati wa matangazo. Kabla ya kupanda meli nilisimama duka la rangi mjini Mwanza nikamsumbua muuzaji mpaka akanuna. Mchanganyo wa kwanza ulikuwa sare ya shule. Wa pili ulikuwa bluu ya beseni la plastiki. Wa tatu ndio wenyewe, kama ziwa asubuhi yenye mawingu. Nikapanda na ndoo zangu melini, nikazikalia kabisa nisije nikaibiwa.

Fundi alikuwa mtu mzima wa palepale Nansio, mwenye kofia iliyopigwa madoa ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Alifungua ndoo, akakoroga kwa kijiti, akatazama, akakoroga tena.

"Dada, hii ndiyo rangi yenyewe au ni ya kutangulizia?"

"Ndiyo yenyewe."

"Haya. Mimi napaka. Ila ukuta utakuwa kama haujapakwa."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachagua mchele kwa vidole bila kuuinamia. Aliuliza, "Na ile ya chini?"

"Tunaifunika, mama. Ya kizamani ile."

"Na milango?"

"Rangi hiyo hiyo. Kila kitu rangi moja. Ndiyo mtindo wa sasa."

"Kila kitu," akasema.

"Kila kitu."

Akarudi kwenye mchele wake. "Baba yenu alipaka mwenyewe," akasema, na mimi nikadhani ni ujane unaosema, nikamshika bega, nikamwambia baba angefurahi.

Jumatatu asubuhi niliushughulikia ule mstari wa korido kwa mkono wangu, maana fundi alisema rangi haiwezi kushika juu ya mafuta. Nilifunga kitambaa puani. Nilipiga brashi ya kufulia na sabuni ya unga na maji ya moto, na kitu kile kikaanza kuachia, si kama vumbi bali kama ngozi, vipande vipande, vikitiririka na maji ya kahawia mpaka viwikoni mwangu. Ndani yake kulikuwa na magamba ya samaki. Kulikuwa na unywele. Nilisimama mara mbili kutoka nje kuvuta hewa. Nilikuwa nawaza, huyu ni mama aliyetupiga kwa kuacha kikombe bila kusuuzwa, imekuwaje akaishi na huu utelezi? Nilimkasirikia, kweli kabisa. Niliona uzee kama uvivu.

Tukaanza na sebule, tukafuata chumba chake, na mlango wa kila chumba ulipakwa pamoja na kuta za chumba hicho. Nikaweka amri moja tu: "Mama, usiguse kuta, rangi mbichi." Alitii. Alianza kutembea katikati ya vyumba mikono ameikunjia tumboni, polepole, kama anayevuka mto. Siku ya kwanza alijigonga mguu kwenye stuli. Siku ya pili alimwaga chai kando ya kikombe, akaketi tu huku chai inachuruzika mezani. Nilipangusa nikiguna ili anisikie. Sebule ilikuwa imependeza mno. Nilipiga picha nikamtumia kaka, akajibu kwa kidole gumba.

Jumatano, saa nne asubuhi, niliingia chumbani kwake kuchukua shuka nizifue, nikakuta ndoo nyuma ya mlango. Ndoo yangu ya rangi, ile iliyokwisha, na ndani yake mkojo. Jua linawaka, choo kiko hatua kumi na tano, na mama yangu amekojoa kwenye ndoo, na mengine yamekwenda pembeni, kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe asubuhi ile. Ukuta mpya nao ulikuwa na alama za viganja, nyingi, zimetapakaa juu na chini, zimechafua rangi iliyokuwa ndiyo kwanza inakauka.

Nilipandwa na hasira. Nilitoka na ile ndoo nimeinyoosha mbele yangu, nikampitia mama uani, nikamwambia maneno ambayo nayaandika hapa kwa sababu sina haki ya kuyaficha. "Mama, choo kipo hapo! Wewe ni mtoto? Kaka akikuta hiki, kesho yake uko Mkolani, na mimi sitakutetea."

Alikuwa anaosha vyombo. Aliinua uso kunielekea, lakini si hasa machoni, akasema, "Nisamehe, mama." Ndivyo anavyoniita tangu utoto, mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Nikaenda kumwaga ndoo huku nimegeuza shingo.

Alhamisi ikawa zamu ya korido. Fundi alimaliza milango yake mapema, ikakauka vizuri, laini kama sahani. Alasiri akaanza ukuta wa kushoto. Mama alikuwa barazani, uso kaelekeza ziwani. Akaita, "Fungeni madirisha. Wadudu wanakuja."

Mtu wa kisiwani hahitaji kuelezwa ni wadudu gani. Ni wale wa ziwani, vijidudu laini vyenye mabawa, vinavyotoka majini na kupanda hewani vingi mno hata ukivitazama kwa mbali unaona moshi. Upepo ukivisukuma nchi kavu, watu hufunga kila tundu na kungoja. Nilitoka nikatazama. Moshi ulikuwepo kweli, nguzo nyeusi imesimama juu ya maji.

"Umewaona, mama?"

"Nimesikia mbayuwayu. Wanapiga kelele upande ule. Na upepo umegeuka."

Fundi alichungulia dirishani. "Wanaelekea Ukara hao. Dada, rangi inataka hewa. Tukifunga haitakauka kwa wakati."

Na kesho kutwa yake ndiyo ilikuwa Jumamosi ya kaka. Mimi mzaliwa wa Nansio, niliyejua kufunga dirisha kabla sijajua kusoma, nikasema acha wazi.

Hawakwenda kisiwani Ukara. Waliingia bila kishindo, kwanza wachache, halafu korido ikawa giza. Waliingia puani, masikioni, walijaa kwenye ndoo mpaka rangi ikawa uji wenye choroko. Fundi alikimbia kufunga madirisha, akawafungia ndani. Na ule ukuta wa kushoto, mbichi, unaong'aa, ukawaita wote. Walitua, wakanata, wakapigapiga mabawa, wenzao wakatua juu yao. Nilijaribu kuwafuta kwa kitambaa. Walipasuka. Walitoa ute wa kijani na harufu ya samaki aliyelala siku mbili, na kila nilipofuta niliacha mkanda wa matope yenye miguu. Rangi yangu, ile ya picha, ilikuwa imeota manyoya. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko, na sikujali nani ananiona.

"Tuuache ukauke," fundi akasema, huku akitema wadudu. "Jumamosi asubuhi naja na msasa, nakwangua, napaka upya kabla kaka yako hajafika." Akaacha msasa wake mmoja dirishani, akaenda zake.

Ijumaa niliamka na ile harufu. Jua lilikuwa limeshachomoza. Nilikaa sebuleni nikinywa maji ya moto, maana kingine kisingeshuka, na kutoka pale niliiona korido nzima. Mlango wa mama ukafunguka. Alitoka, akasahau amri yangu, au aliamua kuivunja. Akanyoosha mkono wa kushoto ukutani, usawa wa kiuno.

Mkono ulisimama. Ukapapasa. Nikakunja uso, nikangoja auvute kwa kinyaa. Badala yake mama yangu alianza kutembea. Kiganja na vidole vinapita juu ya wale wadudu waliokauka, krr, krr, na yeye anatembea kama nilivyomzoea, kwa hatua za mtu anayekwenda mahali. Akafika penye mlango wa stoo, mkono ukateleza juu ya ubao laini, akaupita. Akaukuta ukuta tena. Akafika mlango wa nyuma, akausukuma, akatoka, akaenda chooni.

Ule mstari mweusi ulikuwa njia yake.

Aliporudi nilikuwa nimesimama katikati ya korido. Alikuja moja kwa moja, na angenigonga kama nisingesema, "Mama. Huoni?"

Akasimama. "Naona."

"Unaona nini?"

"Naona dirisha, kwamba kuna mwanga. Sasa umesema, nakuona kama kivuli, uso siuoni." Akajifuta mkono kwenye kanga. "Kijani nilikuwa nakiona. Na milango ile ya baba yenu. Penye kijani ni ukuta, penye wekundu ni mlango. Sasa nyumba nzima ni ukungu. Leo angalau penye kukwaruza ni ukuta, penye laini ni mlango."

Akanieleza kwamba madaktari wa macho waliowahi kufika kisiwani walimwambia ni presha ya macho, wakampa matone, wakamwambia kilichopotea hakirudi. Hakumwambia mtu.

"Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza kuhusu rangi!"

"Ningekuambia wewe, wewe ungemwambia kaka yako." Hakusema kwa lawama. "Na siku ile ya ndoo, sikukosa adabu, mama. Nilitafuta mlango. Niliutafuta sana."

Nikazikumbuka zile alama za viganja ukutani, juu na chini. Nimeona mengi machafu maishani mwangu na kuyakimbia, lakini sikuwahi kutaka kujikimbia mwenyewe kama asubuhi ile. Nilikuwa nimesugua njia yake kwa sabuni ya unga, nikaikinga pua yangu. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, naye akanihimiza niinuke, sakafu baridi. Kisha akaniapisha nisimwambie kaka. Nikaapa. Nikampigia fundi nikamwambia asije.

Kaka alifika Jumamosi na meli ya asubuhi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Alisimama sebuleni akageuka huku na huku, akapiga mluzi. "Hapa sasa pana nyumba," akaniambia. "Hii rangi umeitoa wapi? Nami nataka." Mama akatuandalia chai, vikombe nilikuwa nimempangia mimi, mshikio kulia. Hakumwaga hata tone. Nilianza kuamini tumevuka.

Halafu kaka akaenda chooni. Nilimsikia koridoni anasema, "Mungu wangu." Nilipofika alikuwa ameshaushika msasa wa dirishani.

"Hii nini? Wadudu? Mmeacha ukuta hivi, mtu anaishi humu?" Kaka ni mtu wa vitendo. Aliukaza msasa kiganjani akaanza kusugua, usawa wa kiuno, kwa nguvu. Mabawa yakapukutika miguuni pake.

"Acha," nikasema.

"Niache nini?"

"Acha hivyo hivyo. Ni mimi nimetaka."

"Umetaka wadudu ukutani?"

"Ndiyo."

Akanitazama. Uso ule niliujua. Ndio niliomkunjia mama siku nilipompitishia ile ndoo mbele ya macho yake. Nikauvumilia, kwa kuwa nilistahili, na nilikuwa bado natafuta uongo wa kusema mlango wa chumba cha mama ulipofunguka.

Alikuwa ameingia kuchukua karanga, na alidhani tumeshatoka uani. Alitoka na bakuli mkono wa kulia, la kumpa mwanawe, akanyoosha wa kushoto ukutani, akaja. Krr, krr. Kaka akasogea kumpisha, akitabasamu, tayari kulipokea bakuli. Mkono wa mama ukafika pale kaka alipokuwa amesugua. Kipande laini kama kitabu kilichofunguliwa. Ukasimama.

Mama akageuka kukielekea kile kipande, akaweka kiganja, akasukuma. Akasukuma tena, polepole, kama mtu anavyosukuma mlango uliokwama. Kisha akaweka bakuli chini, akatumia mikono yote miwili.

Msasa ulianguka kutoka mkononi mwa kaka. Mtu yule ambaye hakulia hata kwenye mazishi ya baba, uso wake ukavunjika mzima. Alimsogelea mama kwa nyuma, akamshika kifundo cha mkono, akauinua ule mkono na kuuvusha, akauweka upande wa pili, juu ya wadudu.

"Endelea, mama," akasema. "Ni ukuta."

Mama alituliza mkono. Akajua. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi chukua karanga zako, ziko chini hapo."

Habari ya Mkolani haikutajwa siku ile wala tangu siku ile. Jioni, akingoja usafiri barazani, kaka alimpigia fundi akamwuliza kama rangi ya mafuta ya kijani bado inauzwa Nansio, na damu ya mzee. Vyumba vyote vikarudishwa kama baba alivyoviacha, na milango yote. Nililipenda lile jambo, ingawa macho yangu hayakulipenda. Ukuta wa korido peke yake mama alikataa uguswe.

Wale wadudu bado wapo. Wameshika mafuta, wameshika moshi, weusi umeanza kuwatambaa juu, na nikikaribia bado napumua kwa mdomo. Kinyaa hakiponi kwa kujuta. Lakini kile kipande alichokisugua kaka nacho kipo. Kisafi, laini, bluu yenye majivu, sawasawa kabisa na ile ya kwenye simu yangu. Mama amekizoea, mkono wake ukifika hapo unaruka. Mimi ndiye nisiyeweza kukitazama.